Mzazi Awe Mteja wa Kwanza

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa vijana wanaoingia katika usanifu na teknolojia



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, familia zetu huitisha kikao. Baba anataka udaktari, mama anataka uhasibu, na mjomba aliyesaidia ada anaona sheria inafaa zaidi. Kijana amekaa pembeni, anasubiri zamu yake. Inapofika, anasema anataka kusomea usanifu wa michoro, au uandishi wa programu, au vifaa vya kielektroniki ambavyo amekuwa akivifungua na kuvifunga tangu shule ya msingi. Kikao kinanyamaza. Kisha mtu mmoja anauliza, "Hiyo nayo ni kazi?"

Swali hilo ni halali, nami nitalijibu. Kabla ya hapo naomba niseme hoja yangu yote kwa ufupi. Mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima hachaguliwi kazi, na pia hatupwi ajitafutie peke yake. Aliyechagua usanifu au teknolojia anahitaji mzazi atakayekuwa mteja wake wa kwanza: anayempa muda, anayetaka kuiona kazi, anayelipa, na anayeuliza kazi hiyo inamtendea nini mtu atakayeitumia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Vijana ninaowazungumzia leo wana miaka ishirini, wengine ishirini na mitano. Muda wa kuwakunja umepita. Amri tulizowapa walipokuwa darasa la tatu haziwafai tena, wala hazitufai sisi. Tulichobaki nacho ni imani yao kwetu, na imani hiyo ina kazi kubwa ya kufanya.

Hofu zetu zina historia

Nikisema tuwaunge mkono, sisemi kwamba wanaoogopa ni wajinga. Wengi wetu tulio na miaka hamsini na zaidi tulikulia katika nchi ambayo kompyuta ilikuwa kitu cha kuombewa kibali. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kukwama na kuleta hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake bila idhini. Vizuizi vililegezwa kidogo kidogo hadi miaka ya 1990. Televisheni yenyewe Tanzania Bara ilianza kurushwa mwaka 1994. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009, na hapo ndipo intaneti ilipoanza kuwa ya kasi kwa mtu wa kawaida.

Pigeni hesabu wenyewe. Kijana aliyezaliwa mwaka 2003 alikuwa na miaka sita mkongo ulipofika. Mzazi wake alikuwa tayari ana kazi, ana nyumba, ana familia. Mzazi huyo hawezi kuiona kompyuta kama mwanawe anavyoiona, na hakuna sababu ya kuona haya kwa hilo. Ila ajue kwamba hofu yake ilitokana na nchi iliyokuwapo zamani, na mwanawe anatafuta riziki katika nchi iliyopo leo.

Hofu ya pili ni ya kipato, na hii nayo haikutoka hewani. Mwaka 2017 Watanzania walimwona kwenye vyombo vya habari mzee Francis Ngosha, aliyeeleza kwamba ndiye aliyechora Nembo ya Taifa, akiishi kwa dhiki Buguruni. Alifariki mwaka huohuo. Wapo waliotofautiana kuhusu nani hasa aliichora nembo ile, na mabishano yenyewe yanaonyesha kasoro. Mchoro uko kwenye pasipoti, kwenye vyeti na kwenye barua za serikali, lakini jina la aliyeuchora likabaki la kubishaniwa. Mzazi aliyeiona habari ile ana haki ya kuogopa mwanawe asije akachora vitu vinavyopendwa na kila mtu huku yeye akilala njaa.

Dawa ya hofu hiyo ni kumfundisha kijana kuilinda kazi yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA ya kuisimamia. Alama ya biashara inasajiliwa BRELA. Kijana anayetaka kuishi kwa kubuni anapaswa kujua njia ya ofisi hizo mapema kama anavyojua kutumia penseli.

Usanifu tumeuvaa na tumenunua nyanya chini yake

Kuna wazazi wanaodhani usanifu ni jambo la wenye nafasi. Tazameni kanga. Chukueni moja, itandazeni mezani. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa upande mrefu, juu ya pindo. Aliyeichora anajua kwamba haitabaki imetandazwa hivyo. Itafungwa kiunoni, itatupiwa kichwani, itabeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo pindo lipendeze hata likikunjwa, mji uonekane hata nusu yake ikifichika, na jina lisomeke na anayetembea nyuma ya mvaaji. Tena kanga huuzwa doti, vipande viwili vya mchoro mmoja. Na kila rangi inayoongezwa ni hatua nyingine ya uchapaji, maana yake gharama nyingine. Mchoraji wa kanga anayaweka hayo yote kichwani kabla hajagusa karatasi. Huo ni usanifu kamili, na bibi zetu walikuwa wahakiki wake wakali: kanga isiyopendeza ilibaki dukani.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya ubao na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana na ndivyo alivyovimudu. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unalisha familia nyingi mpaka leo.

Kisha nendeni Soko la Kariakoo. Msanifu wake ni Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo kabisa Waafrika katika eneo letu la Afrika Mashariki. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limeundwa kwa maumbo mapana juu na membamba chini, yanayokinga maji ya mvua na kuyashusha hadi kwenye hifadhi chini ya jengo. Maumbo hayohayo yanatoa kivuli na kuruhusu hewa ipite juu ya vichwa vya watu, mahali penye joto, vitunguu na samaki wakavu. Moto uliliunguza soko hilo Julai 2021, na nchi nzima ilihuzunika. Kwa miongo zaidi ya minne watu walikuwa wamenunua nyanya chini ya wazo la kijana aliyesomea kuchora.

Kazi yenyewe ikoje

Sasa naomba nilijibu lile swali la kikaoni. Binti yangu mkubwa ni msanifu wa programu za simu. Alipokuwa angali anajifunza, yeye na wenzake walitengeneza programu ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuweka hesabu za mauzo. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Siku moja asubuhi akanialika tuende nayo soko la samaki la Feri.

Alimwendea mama mmoja anayeuza vibua. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nikupe fungu la ngapi?" Akanunua kwanza, ndipo akamwomba amjaribie kitu kwenye simu. Mama yule akajifuta mikono kwenye kanga, lakini vidole vikabaki na unyevu na magamba. Akaishika simu kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Haikuitika. Akabonyeza tena kwa nguvu, na safari hii akagusa kitufe cha kufuta badala ya cha kuhifadhi, kwa sababu vilikaa ubavu kwa ubavu na vyote vilikuwa vya kijani. Mauzo aliyokuwa ameyaingiza yakapotea. Jua lilikuwa limepanda, naye alikuwa anakinga skrini kwa kiganja ili aone maandishi ya kijivu yaliyokuwa maridadi sana ofisini.

Binti yangu hakumsahihisha wala hakumwonyesha pa kubonyeza. Alikaa kimya, anaandika kwenye daftari. Baada ya siku chache nilionyeshwa programu ileile: kitufe cha kufuta kimehamishiwa juu, kimekuwa chekundu, na hakifuti mpaka kikuulize mara ya pili. Vitufe vimekuwa vikubwa. Maandishi ni meusi juu ya nyeupe. Wazazi wenzangu, hiyo ndiyo kazi. Ni kumtazama mtu kwa heshima mpaka ujue anakwama wapi, kisha kurudi kurekebisha chombo.

Mojawapo ya huduma kubwa tulizonazo hapa kwetu ilizaliwa kwa njia hiyo. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliosimamia majaribio wakaona watumiaji wanaitumia kutumiana fedha, mmoja kwa mwingine, mjini kwenda kijijini. Wakaujenga upya mpango kufuata walichokiona. Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa, inayofanya kazi hata kwenye kiswaswadu, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Leo mzee asiyemiliki simu janja anapokea fedha za mwanawe kijijini kwa sababu kuna watu waliokaa wakatazama kabla ya kuamua.

Na fani ni nyingi. Yupo anayeandika programu, yupo anayechora mwonekano wake, yupo anayechambua takwimu, yupo anayelinda mifumo isiingiliwe, yupo anayefunga mitandao na mitambo ya jua. Milango ya kuingilia pia si mmoja: zipo ndaki za vyuo vikuu, ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na vipo vyuo vya VETA kwa yule ambaye hakufika kidato cha sita lakini mikono yake ina akili.

Mteja wa kwanza anafanya nini

La kwanza ni muda wenye mipaka. Kijana anayejifunza kubuni au kuandika programu huonekana hana kazi, amekaa na kompyuta mpakato mchana kutwa. Kaeni naye mkubaliane: kwa muda huu hutadaiwa mchango wa nyumba, na muda ukiisha tutatazama umefika wapi. Pasipo mpaka, mzazi hunung'unika chini kwa chini na kijana hujificha. Mpaka ukiwapo, wote wawili mnajua mnachongojea.

La pili ni vifaa, na hapa tuwe wakweli. Kompyuta inayofaa ni ghali, bando linaisha, umeme unakatika. Mzazi asiye na uwezo wa kununua kompyuta anaweza kugharimia nauli ya kwenda kwenye maktaba au kwenye kituo cha ubunifu, au akamruhusu kijana afanye kazi usiku bando linapokuwa nafuu bila kumwita mvivu asubuhi. Familia inayochangishana kwa ajili ya kitchen pati na harusi inaweza pia kuchangishana kwa ajili ya kompyuta moja ya kazi.

La tatu ni kudai kazi inayoonekana. Msimuulize, "Unasoma nini?" Mwambieni, "Nionyeshe." Anayejifunza usanifu awe na mkusanyiko wa kazi zake, na kila kazi aweze kueleza ilikuwa na tatizo gani na yeye alilitatuaje. Huhitaji kujua lugha za kompyuta ili umsikilize. Mzazi muuza duka anaweza kumwambia mwanawe kwamba bango halisomeki ng'ambo ya barabara. Mzazi muuguzi anaweza kumweleza foleni ya wagonjwa inavyokwama dirisha la dawa. Maarifa yenu ya kazi zenu ni mali ambayo vijana hawa hawaipati chuoni.

La nne ni malipo, na hili nalisema kwa uchungu. Vijana wetu wasanifu wananyonywa kwanza na ukoo. Shangazi anataka kadi za harusi bure, kaka anataka nembo ya duka bure, kamati ya mazishi inataka picha itengenezwe usiku huohuo, bure. Fundi cherehani tunamlipa, mpishi tunamlipa, mwenye maturubai tunamlipa kabla hajafunga kamba. Kwa nini aliyekesha akichora asilipwe? Chanda chema huvikwa pete. Mlipeni, hata kama ni kidogo, na mumfundishe kudai malipo ya awali, kuandika makubaliano hata kwa ukurasa mmoja, na kuandika idadi ya mara ambazo mteja anaweza kuomba mabadiliko. Anayelipwa nyumbani hujifunza kulipwa nje.

Mabinti

Naomba nisimame kidogo kwenye suala la mabinti. Mtoto wa kiume akikaa na kompyuta usiku tunasema anasoma. Wa kike akifanya hivyo tunauliza anaongea na nani. Wa kiume akiomba kwenda kwenye warsha ya mwisho wa wiki anapewa nauli. Wa kike anaambiwa kuna vyombo jikoni. Kisha tunashangaa kwamba darasa la uhandisi lina wasichana wachache.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, Kenya ilipokuwa ndani ya machafuko ya baada ya uchaguzi, kundi dogo la watu lilitengeneza jukwaa lililopokea taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti, likaziweka kwenye ramani ili ionekane ghasia ziko wapi. Jukwaa hilo ni Ushahidi. Wazo lilitoka kwa Ory Okolloh, mwanasheria, na Juliana Rotich alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 2010 jukwaa hilohilo lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka huohuo, Nairobi, wanawake walianzisha AkiraChix ili kuwafundisha wasichana teknolojia. Wanawake hao walikuwa mabinti wa watu, na walipata muda wa kukaa mbele ya kompyuta. Wapeni na wenu.

Akili mnemba na maadili

Wazazi wengi wananiuliza: mashine sasa inachora na inaandika programu, mtoto atabaki na nini? Ni kweli kwamba kazi nyepesi nyepesi zinachukuliwa. Nembo ya haraka haraka na ukurasa wa wavuti wa kawaida havitamlisha mtu kama zamani. Lakini akili mnemba haikwenda Feri. Haimjui mama wa vibua, na hata Kiswahili chetu bado haijakishika kama inavyokishika Kiingereza, kwa kuwa maandishi yetu mtandaoni ni machache. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu za ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kazi ya namna hiyo haijaisha, na watakaoifanya ni wanaojua lugha hii tangu utotoni. Mwambieni kijana ajifunze kuitumia akili mnemba, na ajifunze zaidi yale yanayohitaji kukutana na watu, kuhesabu vizuri na kuandika kwa ufasaha.

Kuna jambo moja ambalo mzazi ana sauti kuliko mwalimu yeyote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa ya mikopo yaliyokuwa yanafanya kazi bila leseni. Mnazijua programu za mikopo za namna ile. Mtu anakopa kidogo, akichelewa siku moja, majina yote yaliyo kwenye simu yake yanatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha, mpaka mchungaji wake, mpaka mkwewe. Programu kama hizo hazikuota zenyewe. Kuna mtu aliandika amri ya kukusanya majina, na mtu mwingine alichora kile kitufe cha kukubali ambacho mkopaji alikibonyeza bila kuelewa. Walikuwa watoto wa watu, na pengine wazazi wao walifurahi kusikia wamepata kazi.

Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya wanayo ya kwao tangu mwaka 2019. Sheria inasaidia. Lakini saa sita usiku, kijana anapoambiwa na bosi wake akifiche kitufe cha kujiondoa ili mteja asikione, anayemwambia "usifanye" ni malezi. Tumewafundisha kutoiba sokoni. Tuwafundishe pia kutomwibia mtu kupitia skrini, na tuwaambie wazi kwamba kijana akikataa kazi ya namna hiyo akarudi nyumbani bila mshahara, atakuta sahani yake imewekwa.

Wazazi wenzangu, ombi langu ni dogo na linaweza kutekelezwa usiku huu. Mkirudi nyumbani, mwombeni kijana wenu awaonyeshe kazi moja aliyoibuni. Muulizeni maswali matatu: Nani ataitumia? Umemwona akiitumia? Umelipwa? Kama hajaenda kumwona mtumiaji, mpeni nauli aende kesho. Kama hajalipwa, fungueni pochi na muwe wa kwanza kumlipa.